Jina Lililorukwa

Riyadh
14 Januari 2024

Baba mdogo Wesley,

Chamgei. Najua utashangaa kupata bahasha kama zamani za posta ya Kapsabet, wakati dunia nzima inatumiana sauti kwa simu. Yangu imefungiwa kwenye kabati la madam. Mkenya aliyekuwa hapa kabla yangu alijirekodi akicheza jikoni, video ikazunguka mpaka ikamfikia mama mkwe wa madam. Dhambi ni yake, kifungo ni changu. Ijumaa napewa simu ya madam nipige nyumbani kidogo, mwenyewe ameketi pembeni akikunja soksi.

Kwa hiyo barua zangu ataleta Gaudensi, yule Mtanzania wa lori la friji anayechukua matunda kwenu bandarini Jeddah. Bosi wangu ana ghala la matunda hapa Riyadh, na kila Gaudensi akija hutuletea katoni mlango wa jikoni. Ukinijibu, mpe yeye. Usimpe mtu mwingine.

Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa dawa ya sakafu. Mtoto wa madam, Turki, ana miezi minane na halali mpaka nimbebe mgongoni kwa shuka kama kwetu. Madam hataki kuona hivyo, basi namfanyia kwenye chumba cha pasi. Nyumbani wote wapo. Baridi imeunguza chai ya watu kule juu, lakini yetu ya bondeni imepona. Kogo, mama yako, sikio la kushoto limekufa kabisa, sasa anaongea na simu kama anaita ng'ombe.

Sasa niseme kilichonikalia rohoni. Ni binti yangu. Nilimwacha na Kogo na dada yangu Lydia akiwa na miezi mitatu, sasa anaingia wa sita. Jina la kuzaliwa analo, Jerop, kwa vile alizaliwa mvua ikinyesha. La wazee hana. Kogo amekaa na akina mama wa ukoo mara tatu, wamemtia ugoro puani, wameita majina ya marehemu wetu wote mmoja baada ya mwingine, na mtoto amewatazama tu. Ugoro ule ungemfanya hata ng'ombe apige chafya, lakini yeye hakupiga chafya kulikubali jina lolote. Na tangu hapo analia. Analia mchana, analia usiku, uji anautema, kilo hazipandi. Zahanati wamempima wakasema hana ugonjwa.

Kogo anasema kuna jina limerukwa. Anasema ni la dada ya Babu, yule aliyefungwa na Wazungu akavushwa bahari. Taprandich. Mimi nimekua sijawahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu, wewe umewahi? Kogo hawezi kuliita kabla ya kujua kama mwenyewe alikufa, kwa sababu jina la aliye hai haliitwi juu ya mtoto. Inasemekana alionekana mara ya mwisho huko Jeddah kwenu. Tafadhali niulizie. Kama kuna kaburi, nataka kujua.

Nakuomba sana, na siombi ovyo unanijua.

Wako,
Jepkoech


Jeddah
4 Februari 2024

Jepkoech binti yangu,

Barua yako nimeipata ikinuka maembe. Gaudensi ameniambia umekonda, nikamwambia hukuwahi kunenepa hata ulipokuwa unaiba maziwa ya mursik kwenye kibuyu cha Mama. Mimi nipo, naendelea kugonga mihuri kwenye makaratasi ya kontena. Bado nakaa Al-Mahjar na Protus, yule Mluhya anayepika ugali mgumu wa kujengea nyumba. Tuna kiyoyozi kimoja, na kinafanya kazi kikipenda.

Pole kwa mtoto. Ila nikuulize kama baba yako mdogo, kwa kuwa kaka yangu hayupo tena kukuuliza: baba yake ni nani? Mnaita majina ya ukoo wetu, na labda mtoto anangoja ya ukoo wa baba yake. Hata mimi ukiniita Protus sitaitika.

Hilo jina la Taprandich nimewahi kulisikia mara moja. Nilikuwa mdogo, nikamwuliza marehemu Baba kama ana dada. Alinichapa kofi, na hakuwa mtu wa makofi. Baadaye kaka yangu, baba yako, ndiye aliyeninong'oneza: alikuwa yaya kwa Mzungu wa mashamba ya chai, na mtoto wa Mzungu akafia mikononi mwake. Hakimu akasema amemwua. Ndiyo sababu jina lake limeachwa. Jepkoech, utawezaje kuita juu ya mtoto mchanga jina la mtu aliyefungwa kwa kuua mtoto mchanga? Mama amezeeka, anatapatapa. Wewe una akili, mtulize.

Jeddah ni kubwa. Nitauliza, lakini usiweke moyo wako hapo. Watu weusi walioingia hapa zamani ni wengi, na wengi wao hawana karatasi wala hawapendi maswali.

Kula. Gaudensi anakuletea sabuni ya magadi kwa ajili ya mikono.

Baba yako mdogo,
Wesley


Riyadh
27 Februari 2024

Baba mdogo,

Chamgei tena. Sabuni nimeipata, asante, mikono inapona. Huku wanaandaa Ramadhani, nimeosha mazulia mpaka naota mazulia. Mvua haijanyesha nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, Kogo amelalamika kana kwamba ng'ombe alifanya makusudi.

Swali lako la baba wa mtoto nimeliona. Mtoto ni wetu. Halas.

Ijumaa iliyopita nilimwuliza Kogo habari zote za Taprandich, Lydia akimpigia kelele sikioni. Madam aliacha kukunja soksi, akadhani tunagombana. Nakuandikia kama nilivyosikia.

Kogo aliolewa pale baada ya kesi, kwa hiyo hakumwona kwa macho. Aliambiwa na Babu siku moja tu, wakiwa shambani, na hakurudia. Baada ya hukumu, Babu alishuka mteremko wote kwa miguu mpaka stesheni ya Kibigori, kwa kuwa alisikia wafungwa wanapandishwa garimoshi. Akamwona dada yake na pingu. Alikuwa amebeba mahindi ya kuchoma ampe, askari akayachukua akayala yeye, pale pale mbele yao. Dada yake akamwambia, "Nyumbani waambie sikufanya." Babu akarudi, na nyumbani hakusema. Aliogopa. Mzungu alikuwa ametishia kufukuza kila familia ya ukoo ule shambani kwake.

Kutoka Mombasa walimtia kwenye meli mpaka Adeni, kwenye jela ya Waingereza, kufua nguo za jeshi. Miaka mingi baadaye, Uhuru ulishapatikana, mzee mmoja Mwislamu wa Kapsabet alikwenda Hija. Aliporudi akaja nyumbani akamwambia Babu kwamba sokoni Jeddah mwanamke alimsikia akizungumza, akamshika kanzu akamsalimu kwa Kinandi. Babu alimwambia mzee yule, "Umekosea mtu," akamsindikiza mpaka njiani.

Kwa hiyo si kwamba alisahauliwa. Alikataliwa. Kogo anasema mtoto analilia aliyekataliwa, na mimi sijui kama ninaamini, Baba mdogo. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini wewe hukuisikia ile sauti. Lydia aliniwekea simu karibu naye, na mtoto wangu analia kwa sauti iliyokwisha kukauka kama ya mtu mzima. Ameshuka kilo tena. Nilirudi jikoni nikachemsha maziwa ya Turki, yakafurika jiko zima.

Umeuliza? Umempata mtu wa kukuambia? Niambie lolote, hata kama ni baya. Alikufa au hakufa? Na alimwua mtoto yule au hakumwua? Sina swali jingine duniani.

Jepkoech


Jeddah
24 Machi 2024

Jepkoech,

Salamu za mfungo. Mimi si Mwislamu lakini ofisini nafunga kwa lazima, maana huwezi kutafuna mbele ya watu. Protus anajificha chooni na sambusa.

Bandari imejaa. Meli zimepungua kwa vita vya huko kusini, na zile zinazofika zinafika zote kwa pamoja. Ndizi zimeiva ndani ya kontena, wenye mali wanapiga kelele, yalla yalla, mihuri nagonga mpaka bega linauma. Gaudensi alikaa foleni siku mbili. Ndiyo sababu barua inachelewa.

Nimenunua viatu. Joto bado halijaanza sana. Msalimie Mama ukimpigia. Mwambie nitampigia mwenyewe kazi ikipungua.

Jitunze. Usibishane na madam.

Wesley


Riyadh
21 Aprili 2024

Baba mdogo wangu mpendwa,

Chamgei, chamgei sana! Leo naandika nikiwa na furaha, mpaka Turki ananishangaa. Mvua imenyesha nyumbani, Lydia amepanda mahindi, na Kogo amekula nyama mwenyewe bila kusagiwa.

Mtoto amepata jina!

Barua yako ya Machi niliisomea chumba cha pasi. Niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Nilisema, huyu mzee naye, namwuliza kifo ananiambia ndizi. Ijumaa nikamsomea Lydia, Lydia akampigia Kogo kelele. Kogo akauliza, "Hajataja jina lake hata mara moja?" Tukasema hata mara moja. Akasema, "Basi amelipata kaburi." Alitueleza kwamba mtu akitumwa kutafuta aliyepotea, akimkuta hai atapiga kelele kutoka ng'ambo ya mto, maana aliye hai hutangazwa. Akimkuta amekufa hatasema njiani wala hataandika. Atazungumzia mvua na ng'ombe mpaka afike nyumbani na kuketi chini. Ndivyo alivyofanya hata baba yake Kogo alipokwenda kumtafuta kaka yake vitani. Nikaona aibu kwa hasira yangu. Wewe umelelewa vizuri kuliko mimi, Baba mdogo. Asante kwa kutuambia kwa heshima.

Jumamosi wakawaita akina mama. Kogo mwenyewe akashika ugoro. Hakurudia majina mengine, alikwenda moja kwa moja: "Taprandich, kama ni wewe, njoo." Lydia anasema mtoto alipiga chafya kabla jina halijaisha mdomoni. Akapiga tena. Akina mama wakapiga vigelegele vinne kama msichana alivyostahili, Kogo akalia. Na mtoto akalala, Baba mdogo. Akalala mpaka asubuhi, akaamka, akanywa uji bakuli zima. Wiki hii amepimwa, kilo zimepanda.

Kuhusu kesi, Kogo amesema liwalo na liwe, mtoto mwenyewe amemchagua, na mtoto hachagui mwuaji.

Siku utakayoweza, niambie amelala wapi. Nikimaliza mkataba nitapitia Jeddah nikaweke japo jiwe.

Mama Taprandich (umeona ninavyoitwa sasa?),
Jepkoech


Jeddah
3 Mei 2024

Jepkoech,

Sitaanza na salamu. Gaudensi ananisubiri lori likiwaka.

Yu hai.

Nilimpata Februari, wiki chache baada ya barua yako ya kwanza. Yuko Ghulail, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya udi, anauza mbegu za kukaanga na karanga mlangoni pa chumba chake. Nilikwenda kuulizia kwa wazee weusi wa pale, hakuna aliyejua chochote. Nikanunua mbegu ili nisionekane polisi. Akawa anapima kwa kikombe akihesabu chinichini kwa Kinandi, akenge, aeng', somok. Nikamsalimu kama shangazi, "Chamgei, Senge." Kikombe kilimdondoka.

Yeye ni mzee sana, macho ni hafifu, lakini kichwa ni kizima. Wanamwita Saida. Jela ya Adeni ilifunguliwa Waingereza walipoondoka, hakuna aliyemwuliza anataka kwenda wapi. Akaja huku na familia ya mahujaji kama mtumishi wao, nao wakafa mmoja mmoja. Hana ikama ya kuishi huku, hana pasi, hana chochote chenye jina lake. Majirani humficha ukaguzi ukipita. Hakuzaa.

Tangu siku ile nakwenda kila Ijumaa. Tunakaa naye, tunazungumza Kinandi mpaka jioni. Alikuwa hajazungumza lugha yetu na mtu tangu yule hujaji wa Kapsabet. Mwanzoni maneno yalikuwa yanakuja mojamoja, sasa yanafoka. Ananiuliza habari za mito. Ananichekesha, Jepkoech. Anatukana vizuri kuliko Mama. Kila Ijumaa huvaa kanga safi akinisubiri.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwanza niliogopa karatasi. Barua yenye jina la mtu asiye na ikama ikishikwa, tumekwisha wote, yeye na mimi na Gaudensi. Pili, aliniomba mwenyewe. Aliniambia, "Usiwaambie nipo mpaka ujue kama wananitaka. Wakisema hawanitaki mara ya pili, sitaki kusikia." Na mimi sikujua jibu lenu. Kesi sijamwuliza. Kila Ijumaa nakwenda na swali, narudi nalo.

Nikaona ninyamaze kwanza. Nilidhani kunyamaza hakusemi kitu! Mimi mtoto wa Mama, nimezaliwa nyumba ile, nimekaa ng'ambo mpaka nimesahau kwamba kwetu kunyamaza ni tangazo la msiba.

Sasa jina liko kwa watu wawili. Unajua wanavyosema: halikai kwa wawili, mmoja lazima aliachie. Usimwambie Mama bado. Nijibu haraka.

Wesley


Riyadh
12 Mei 2024

Baba mdogo,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mkono mmoja unafurahi na mwingine umeshika kichwa.

Sijamwambia Kogo. Ijumaa nilijifanya mtandao mbaya. Akijua, siku hiyo hiyo atamnyoa mtoto nywele na kulirudisha jina, na tutarudi kwenye kile kilio. Lydia amesema sasa anatambaa. Anacheka na kuku. Nimesikia akicheka kwa simu, mara ya kwanza tangu nimwache, na madam naye akacheka.

Mchungaji wangu angesema hayo yote ni ushirikina. Na mimi najiambia hivyo mchana. Lakini mmoja lazima aliachie, na kati ya wawili hao mmoja ni wangu, ana meno mawili. Nisamehe, Baba mdogo, ninajua nimesema nini. Huyo bibi amekaa peke yake maisha yote, na mimi nimekaa chumba cha pasi nikihesabu nani afe. Naona haya, lakini ndivyo ninavyohisi.

Mwambie ukweli. Mwambie wanamtaka, kwa sababu ni kweli, Kogo amelia kwa ajili yake. Mwambie mtoto ana jina lake. Mwulize kama alimwua yule mtoto wa Mzungu, maana nahitaji kujua nilichompa mwanangu. Na mwulize tufanye nini. Jina ni lake, aamue yeye. Akisema tulirudishe, tutalirudisha, na Mungu atanisaidia.

Usininyamazie tena. Hata kama ni neno moja.

Jepkoech


Jeddah
26 Mei 2024

Jepkoech binti yangu,

Nimekwenda. Nakuandikia yote kwa mpangilio, bila ndizi.

Nilimkuta amevaa kanga yake safi. Nikaketi, nikamwambia, "Senge, nyumbani wanakutaka." Akaacha kupepeta mbegu. Nikamweleza habari za mtoto, kilio, ugoro, na jinsi Mama alivyoita jina lake peke yake.

Akauliza, "Aliyeita ni nani?"

"Mke wa kaka yako."

"Aliita kwa sauti?"

"Kwa sauti. Na akina mama wote walikuwepo."

Alifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nililia bila kujificha, wapita njia wakatutazama. Alipofunua uso, alitaka kujua kama mtoto anakula, kama analala, kama amenona mapaja. Nikamwambia yote uliyoniandikia, mpaka meno mawili na kuku. Alicheka kwa sauti kubwa.

Kisha nikajikaza nikamwuliza habari za kesi. Hakukasirika. Alisema, "Mmechukua muda kuuliza." Mtoto wa Mzungu alishikwa na homa. Baba na mama yake walikuwa wamekwenda kwenye karamu ya Wazungu Kisumu, hawakurudi siku ya pili. Mpishi alikataa kumtuma mtu akawaite, aliogopa. Basi yeye akamfunga mtoto mgongoni, jambo ambalo bibi mwenye nyumba alikuwa amemkataza, akatoka mbio kuteremka kwenda zahanati ya misheni. Alisikia joto la yule mtoto mgongoni njia nzima. Halafu akasikia linapungua, akafurahi, akadhani homa inashuka. Alikutana na gari la wenye mtoto barabarani. Wakasema amemziba pumzi mgongoni na alikuwa anatoroka naye. Hakimu hakuuliza zahanati ilikuwa upande gani.

Hicho ndicho ulichompa mwanao, Jepkoech. Umempa jina la msichana aliyekimbia na mtoto wa watu asife. Na wewe huko, nakusihi, Turki usimbebe mgongoni tena hata kama analia mpaka mbingu zisikie. Nimekosa usingizi kwa ajili ya hilo tangu siku ile.

Ndipo nikamwuliza tufanye nini. Nikamwambia tupo tayari kulirudisha jina. Akaanza kupanga vikombe vyake vya kupimia, kikubwa, cha kati, kidogo. Nikadhani hakusikia.

Akasema, "Hapana. Msimnyoe mtoto." Kisha akasema polepole, nami nikayashika yote nikuandikie: "Nenda ukawaambie Taprandich alifia melini, kabla ya kufika Adeni. Mimi nilikuwa naye. Niliwaona wakimtupa majini. Alikuwa msichana mzuri, alikuwa na mwanya. Waambie aliita jina la kaka yake. Waambie hana deni na mtu."

Nikamwambia, "Senge, usifanye hivi. Wanakutaka wewe. Nitatafuta karatasi, nitakwenda ubalozi, utarudi nyumbani."

Akanitazama kana kwamba anajaribu kukumbuka aliniona wapi. Akasema kwa Kiarabu, "Ana Saida," kwamba yeye ni Saida. Nikaendelea kumsemesha kwa Kinandi, nikamtajia mito aliyoniuliza, nikamwita Senge mbele ya majirani. Akainua kiganja kuninyamazisha. "Taprandich mafi," akasema, kwamba hayupo. "Halas."

Nimerudi Ijumaa hii. Alikuwa mlangoni, kanga ya kila siku, amenikaribisha kama mteja anayejulikana. Akanipimia mbegu kimya bila kuhesabu. Nikamsalimu chamgei, akanijibu salamu za Waarabu. Nikamwambia Lydia amesema mtoto amesimama kwa kushika kiti, nikaona kikombe kimesita mkononi mwake, kisha kikaendelea. Nimemjaribu kila njia. Lugha yetu haitaki tena. Na Kiarabu changu mimi ni cha bandarini tu, cha kufukuza malori, hakuna ninachoweza kumwambia mtu kama yeye. Tumekaa pale mpaka jioni, mimi na shangazi yangu, tukitazama watu wakipita.

Mama nimempigia leo mwenyewe. Nimemwambia alifia melini, na kwamba aliita jina la kaka yake. Akasema alijua.

Ijumaa ijayo nitakwenda tena. Nimemwomba Protus anifundishe Kiarabu cha nyumbani, alifanya kazi kwa watu miaka sita. Leo amenifundisha kuuliza mtu amelalaje.

Mbusu mtoto kwa simu.

Baba yako mdogo,
Wesley